Mama Anasoma Herufi Kubwa

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Naandika polepole, na nikiharakisha herufi zinalala upande. Maneno mengine nayakosea pia, maana niliishia darasa la saba na nyumbani hatuna kamusi. Nikiona nimekosea nafuta kwa kifutio mpaka karatasi inakuwa nyembamba. Mkifika mahali pamechafuka, mjue hapo nilifikiri sana.

Nataka kuandika habari za mama yangu na ramani ya nyumba ya Mkonze.

Mama hakwenda shule. Alikulia kijijini akichunga mbuzi wa babu, na kwao waliopelekwa shule ni kaka zake. Nilipokuwa mdogo sana alipata kibarua Nzuguni, cha kubeba maji na tofali, wakati watu wengi walikuwa wanaanza kujenga kule. Mimi nilikuwa nalazwa kwenye kivuli cha rundo la tofali, juu ya kanga, na kivuli kikihama mama alikuja kunihamisha. Fundi mkuu wa saiti ile alikuwa mzee mpole. Ramani ya nyumba aliipigilia misumari kwenye ubao, ukutani mwa banda la saruji, na kila mama alipokwenda kuchukua mfuko wa saruji alisimama kidogo kuiangalia.

Siku moja akaja mchoraji wa ramani ile, naye mzee, mwenye ofisi ndogo Makole. Alikuwa anachora kwa mkono, kwa rula na penseli na kalamu ya wino, na wateja wake walikuwa watu wa kawaida, kwa hiyo majina ya vyumba aliyaandika kwa Kiswahili. Akamkuta mama amesimama na mfuko kichwani.

"Unaangalia nini, mama?"

"Naangalia nyumba, mzee."

"Unaiona?"

"Kuta naziona. Haya maandishi ndiyo siyaoni."

Mama hunisimulia kwamba mzee yule hakucheka. Alimwambia atue mfuko kwanza. Kisha akaweka kidole kwenye ramani na kumfundisha neno moja, CHOO. Alisema anaanza na hilo kwa sababu ndicho chumba ambacho fundi akikosea mahali pake, ukoo mzima utajua. Wiki iliyofuata akamfundisha JIKO, na mama akaona mwenyewe kwamba herufi ya mwisho ni ile ile iliyokaa mara mbili kwenye CHOO. Anasema siku ile alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu sokoni.

Hivyo ndivyo mama alivyojifunza kusoma. Ilimchukua nyumba tatu. Nyumba ya kwanza majina ya vyumba, ya pili milango na madirisha, ya tatu maelezo yaliyoandikwa pembeni, kama vile kina cha msingi na unene wa zege. Na kwa sababu mzee alipenda kuulizwa, mama alijua pia kwa nini yameandikwa jinsi yalivyoandikwa.

Ramani huandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kabla ya kuandika, mchoraji huchora mistari miwili myepesi ya penseli, na kila herufi iguse mstari wa chini na wa juu, isipungue wala kuzidi. Majina ya vyumba yana kimo chake na kichwa cha ramani kina kimo chake kikubwa zaidi. Herufi hazina mikia wala mapambo. Nafasi kati ya herufi na herufi haipimwi kwa rula, inapimwa kwa jicho: zile za mviringo zinasogezwa karibu, zile zilizonyooka zinaachana kidogo. Neno haliandikwi kichwa chini. Kama ukuta umesimama kwenye karatasi, kipimo chake kinalazwa ili usome ukiinamia upande wa kulia.

Mama alimwuliza kwa nini kubwa tu. Mzee akamwambia ramani hupigwa kopi, halafu kopi ya kopi, halafu inashikwa na mikono yenye saruji. Herufi ndogo nyingi zina vitumbo, na vitumbo hujaa wino na vumbi mpaka huijui hii na ile. "Kubwa zinavumilia," alisema.

Nilipofika umri wa kushika kijiti, mama alinifundisha mimi. Alifagia uwanja, akachora mistari miwili kwenye udongo, akaniambia nisitoke nje ya mistari. Nilianza darasa la kwanza najua kuandika SEBULE, NGUZO na STOO. Mwalimu aliangalia daftari langu akasema, "Mtoto, hapa siyo kwenye kibao cha duka," na darasa likacheka. Mimi nikinyamaza huwa nanyamaza siku nyingi. Nilijifunza zile ndogo kimyakimya, na sikumwambia mama kwamba kuna za aina nyingine. Nilidhani anazijua.

Nilikuwa darasa la tatu nilipoleta barua ya kikao cha wazazi. Mama aliipokea, akaigeuza, akainamia upande wa kulia kama anavyofanya kwenye ramani, kisha akanirudishia.

"Nisomee mwanangu, macho yamechoka."

Nikamsomea. Baada ya hapo akachukua sindano, akapitisha uzi mara moja tu, akashona kifungo changu. Nikajua kwamba macho hayakuchoka.

Hatukulisema jambo lile miaka yote. Nilianza tu kumwandikia kwa kubwa. Nikiondoka asubuhi kwenda shamba la zabibu, ninakofunga matawi kwenye waya, naacha kikaratasi juu ya meza: NIMEENDA. MLENDA UKO KWENYE CHUNGU. Naye akitangulia ananiachia chake, kimenyooka kuliko changu. Kukiwa na barua ya herufi ndogo, sisi tulizoea kuziita herufi za shule, naisoma kwa sauti kama vile najisomea mwenyewe, naye anaendelea kuchambua mboga.

Kwenye saiti hakuna aliyejua. Mama alipanda kutoka kubeba maji mpaka kujenga, na kutoka kujenga mpaka kushika kamba. Kushika kamba ndiko kuseti msingi, yaani kuitoa nyumba kwenye karatasi na kuiweka chini kwa vigingi na kamba kabla ya kuchimba. Fundi mkuu alimwamini kwenye kona. Lakini alikuwa anafanya kazi chini yake. Mwenye nyumba akija, anaongea na mzee fundi mkuu.

Mwaka huu magoti ya mzee yakakataa. Alirudi kwao Kondoa, na kabla hajaondoka akamwambia mwenye kiwanja cha Mkonze, "Nyumba yako mpe huyu mama. Msingi wake haupindi."

Mwenye kiwanja alikuwa mama mtu mzima, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma na ofisi yake kutoka pwani, amebakiza muda mfupi astaafu. Saiti nzima ilimwita mama bosi. Hakukataa kumpa mama kazi. Lakini pale alikuwepo fundi kijana, naye alikuwa anaitaka kazi ile, akamnong'oneza kwamba huyu mama ni mzuri kwa kupanga tofali ila ramani hawezi, anakariri tu. Mama bosi akampa mama ramani Jumamosi mchana.

"Kaa nayo. Jumatatu asubuhi utanisomea chumba hadi chumba, ndipo tushike jembe. Sina ubaya na wewe, fundi. Nimejinyima miaka mingi kwa nyumba hii moja."

"Sawa, mama," mama akasema. Alikuja nayo nyumbani anatembea kama amebeba mayai.

Tuliifungua mezani. Ilikuwa imechapwa kwa kompyuta, safi, mistari myembamba kama nywele, na muhuri wa kibali wa rangi ya zambarau kwenye kona ya chini. Mpwa wake mama bosi ndiye aliyeichora. Na maneno yote, kuanzia sebule mpaka maelezo ya paa, yalikuwa kwa herufi za shule.

Mama akavuta kiti. Alipitisha kidole kwenye vipimo, akavisoma vyote, maana tarakimu hazina ndogo wala kubwa. Kisha kidole kikafika kwenye maneno kikasimama.

"Huyu mpwa wake kaandika ya shule," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza mama kulisema jambo lile.

"Nikusomee, ukariri?"

"Soma."

Nilisoma mpaka giza likaingia. Mama ana kichwa kizuri, lakini vyumba vilikuwa vingi, na chumba cha watoto na cha wageni vilifanana ukubwa, na pembeni kulikuwa na maelezo kumi na nane. Nikiruka kwa kidole huku na huku, alikosea. Akikosea alicheka, kisha akacheka kidogo zaidi ya ilivyofaa, na nikaona kwamba anaogopa. Aliniambia, "Miaka yote hii nimeitwa fundi. Jumatatu nitaitwa mbeba maji." Akakunja ramani, akaiweka juu ya kabati.

Jumapili mama alikwenda kanisani. Mimi nilibaki, nikaishusha ramani.

Niliona kazi iliyo mbele yangu kama ndogo. Kwenye saiti zote tulizozijua, ramani ni kitu cha kuandikwa. Fundi anaweka alama ya penseli, anaandika kipimo kilichobadilika, anapiga hesabu ya tofali pembeni. Sikujua kwamba zile zilikuwa kopi. Sikujua kwamba karatasi yenye muhuri halisi haiguswi. Hata mama hakujua, kwa sababu yenye muhuri hukaa kwa mwenye nyumba, na mzee fundi mkuu alikuwa ndiye anayeyajua mambo ya ofisini. Safari hii mama bosi, kwa kutujali au kwa kutokujua mwenyewe, alitupa ile ile halisi.

Nilichukua rula na penseli, nikachonga penseli vizuri. Chini ya kila neno nikachora mistari miwili myepesi. Kisha kwa kalamu nyeusi nikaandika. JIKO. STOO. SEBULE. BARAZA. CHUMBA CHA WAGENI. Palipokuwa pembamba nilipunguza kimo lakini sikupunguza unyoofu. Maelezo kumi na nane niliyaandika mbele ya kila moja, na la paa nilipitisha mstari mpaka kwenye nafasi tupu kwa sababu lilikuwa refu. Mkono ulikuwa unatoka jasho, nikaufuta kwenye gauni kila baada ya neno. Sehemu moja tu sikuiandika, kwa sababu muhuri ulikuwa umefunika neno na mimi mwenyewe nilishindwa kulisoma. Nilipomaliza nikafuta mistari ya penseli, nikapuliza takataka za kifutio. Sijawahi kuandika vizuri vile tena, na hata hapa siandiki hivyo.

Mama aliporudi, hajavua hata kilemba, nikamwonyesha. Alivuta kiti akakaa, akaangalia. Akaweka kidole.

"Jiko," akasema. "Stoo. Mlango wa nje. Ba-ra-za."

Alisoma yote. Ugali wa uwele ulipoa tukaula umepoa. Baadaye alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa naumwa, akanishika hivyo muda, kisha akaenda kuvua kilemba chake.

Jumatatu asubuhi akaniambia nimsindikize. "Usiongee. Kaa tu karibu."

Kusema nisiongee ilikuwa utani wetu, maana mimi siongei.

Fundi kijana alikuwa amefika kabla yetu, amekaa juu ya rundo la mchanga.

"Mama fundi! Leo mtihani wa taifa!"

"Umeamkaje, mwanangu."

"Salama. Usiwe na wasiwasi, ukifeli nitakuweka kwenye zege. Sitakutupa."

"Wewe kwanza funga kamba za viatu, ndipo ufunge za msingi."

Vibarua wakacheka, naye akaangalia viatu vyake, na kweli zilikuwa zimefunguka.

Mama bosi akaja. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama nimekula. Halafu akaipokea ramani, akaikunjua juu ya tofali, na uso wake ukabadilika.

"Nani ameandika humu?"

Akaiinua ili wote tuione.

"Nauliza. Ramani yenye muhuri, nani ameandika humu? Mnajua nimeifuatilia muda gani? Mkaguzi akija akaona imeandikwa kwa kalamu, atasema nimeibadilisha. Hii sasa ni karatasi ya kufungia maandazi!"

Fundi kijana akapiga mluzi mdogo. Nilimwona mama akiangalia muhuri, kisha wino wangu, na nikajua kwamba sasa ameelewa, na kwamba anatafuta njia ya kunificha.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nimekosa."

"Wewe? Fundi mzima? Kwa nini uandike maneno ambayo tayari yameandikwa?"

Jibu lilikuwa moja tu, na mama asingelitoa. Niliona shingo yake imekaza. Niliona pia kazi inaondoka, siyo kwa sababu hajui kusoma, bali kwa sababu anaonekana mtu wa ajabu anayechafua karatasi za watu. Nikasikia sauti, na ilikuwa yangu.

"Ni mimi niliyeandika. Mama hasomi herufi ndogo. Anasoma kubwa tu. Nilimwandikia ili asome."

Sijui kama nilisema kwa mpangilio huo. Nakumbuka kwamba vibarua waliacha kukoroga, na kwamba mama hakunigeukia.

"Si nilisema?" fundi kijana akaanza.

"Ulisema nini?" Mama bosi alimgeukia. "Ulisema anakariri. La herufi hukulijua. Nyamaza kwanza."

Akakaa kwenye tofali. Akaiangalia ramani muda mrefu, neno moja moja, akiifuata kazi yangu kwa ukucha.

"Anasoma kubwa. Zote?"

"Zote," nikasema.

"Njoo hapa, fundi. Nisomee hizo hizo za mtoto. Hapa?"

"Jiko."

"Hapa?"

"Chumba cha wageni. Kile cha pili ndicho cha watoto, kimeachana na choo kwa ukuta mmoja."

"Pembeni, la tano."

"Zege la msingi... lisipungue... unene huu." Mama akasoma tarakimu haraka, kisha akarudi kwenye maneno taratibu. Mama bosi aliruka kutoka kona hii kwenda ile, kama nilivyokuwa nafanya mimi, na mama hakukosea.

"Na hapa?"

Kidole kilikuwa kwenye muhuri. Mama aliinama, akainamia kulia.

"Hapa sijui, mama. Hapa mtoto hakuandika."

Mama bosi naye akainama. Akavaa miwani. Akavua.

"Hata mimi sijui. Muhuri umefunika."

Kibarua mmoja akacheka, na kicheko kikawapata wengine, na mwishoni hata mama bosi. Lakini akajizuia upesi.

"Msifikiri nimesamehe. Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika mpaka wiki ijayo." Akatoa simu, akampigia mpwa wake, akaweka sauti ya nje ili mikono ibaki huru kukunja karatasi. Akamwambia achape nyingine, na maneno yote yawe herufi kubwa.

"Zote, mama mkubwa?" kijana akauliza.

"Zote. Kuna shida?"

"Hapana. Ndiyo kanuni yenyewe. Chuoni walikuwa wanatukata maksi kwa hilo. Niliona tu ndogo zinapendeza."

"Zimependeza mpaka narudi kwenye foleni ya muhuri."

"Ila zile mm za milimita zitabaki ndogo. Nazo ni kanuni."

"Hizo nazijua," mama akasema kwa sauti ya chini, na kijana kwenye simu akauliza ni nani huyo, na mama bosi akamjibu, "Ni fundi," akakata.

Kisha akatuambia kuhusu kazi ataamua siku ramani ikirudi. Akaondoka.

Njiani kurudi mama alitangulia, mimi nyuma. Tulipita nyumba zinazojengwa, moja baada ya nyingine, za watu tusiowajua. Nilikuwa nalia bila sauti. Nilikuwa nimeitoa siri ya mama mbele ya watu waliokuwa wanamwita fundi, na kazi bado hatukuipata. Karibu na kisima akasimama kunisubiri.

"Unalilia nini?"

"Nimekuaibisha."

Hakukataa. Alifikiri kwanza. Mama akiulizwa jambo zito huangalia chini kama anayetafuta msumari ulioanguka.

"Siku ile niliiogopa tangu ulipokuwa mdogo," akasema. "Nilifikiri itakuwa siku ndefu sana. Kumbe ni fupi hivi." Akanifuta uso kwa ncha ya kanga, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayefuta chokaa. "Ila wakati mwingine, niulize kwanza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa," akakubali, tukaendelea kutembea, safari hii sambamba.

Zilipita wiki mbili na siku kadhaa. Mama hakwenda saiti nyingine. Alikuja shambani nilikofanya kazi, akafunga matawi ya zabibu pamoja nami, na wenzangu wakamwuliza kwa nini mafundo yake yote yako usawa mmoja. Usiku alikuwa anageuka kitandani. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa. Nilimwambia naweza kumfundisha zile za shule, siyo ngumu. Akasema, "Kwanza nijue kama mimi ni fundi au siyo."

Siku aliyopigiwa simu tulikwenda wote. Mama bosi alikuwa na bahasha mbili. Moja alikuwa ameikumbatia kwapani na hakuitoa, nikajua humo ndimo ilimo ile yenye muhuri. Ya pili ilikuwa na kopi tatu. Akampa mama moja.

Mama akaifungua. Maneno yote yalikuwa makubwa, yamenyooka, kimo kimoja. Hakusubiri kuulizwa. Alianzia mlango mkubwa, akaingia sebuleni, akapita korido, akasoma kila chumba kama mtu anayetembeza wageni, akatoka nje kwa mlango wa jiko, kisha akasoma maelezo kumi na nane kutoka juu hadi chini. Lile neno lililokuwa limefunikwa na muhuri lilikuwa KARO, yaani shimo la maji machafu. Alilisoma pia.

"Vigingi vipo?" mama bosi akauliza.

"Vipo."

"Basi seti nyumba yangu."

Fundi kijana alikuwa pale. Mama akamtazama, naye akatazama pembeni. Ningekuwa mimi ningemwacha asimame hivyo hivyo. Mama akamrushia mwisho wa kamba.

"Shika kona ile. Vuta, usilale."

Akavuta. Walipima tatu, nne, tano ili kona isimame mraba, wakarudia mara ya pili kwa sababu mama haamini mara ya kwanza. Ilipofika saa saba mchana nyumba yote ilikuwa chini, kamba nyeupe juu ya udongo mwekundu. Mama bosi aliyekuwa amekaa garini akashuka kuja kuona, akakata moja kwa moja kuelekea katikati.

"Hapo ni ukuta," mama akamwambia.

Mama bosi akasimama mguu mmoja juu.

"Mlango uko wapi?"

"Zunguka. Huku. Karibu ndani."

Alizunguka, mama mtu mzima, akapita pale ambapo hapakuwa na mlango ila vigingi viwili, na alipopita akainamisha kichwa kidogo. Akasimama sebuleni kwake. Aliuliza kulipo jiko na mama akamwonyesha. Aliuliza chumba cha kulala akaonyeshwa, akaingia, akageuka huku na huku, akapima kwa mikono mahali pa kitanda. Kisha akabaki humo chumbani kwake, juani, na sisi wote tukamwacha. Mama alisimama mlangoni hakuingia, kwa sababu ni chumba cha mtu.

Sasa naandika haya kuta zimepita madirisha. Mama yuko huko kila siku, na mtu akija na swali anatafutwa yeye.

Lakini mimi kuna jambo sijalimaliza. Mama amesema yamekwisha, na namwamini, ila nikikumbuka shingo yake ilivyokaza asubuhi ile bado naumia. Nilisema siri ambayo haikuwa yangu. Ingekwenda vibaya ningeishi nayo vipi? Sina wa kumwuliza, na ana kwa ana nisingeweza. Ndiyo maana nimeandika. Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama uliwahi kusema jambo la mzazi wako mbele za watu, au kama uliwahi kunyamaza, niandikie uniambie ilikuwaje. Hata mistari miwili inatosha. Mimi nachelewa kujibu kwa sababu ya mkono wangu, lakini nitajibu.